Mwenyewe Yupo

Mtu akifika mtaani kwetu Mshangano, Songea, na shanta mgongoni, akataka habari za mto Ruvuma, hakuulizwa jina wala pasipoti. Kwanza aliulizwa kama mama yake anajua yuko wapi. Muulizaji alikuwa jirani yangu, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne iliyopakana na ua wangu. Mtafsiri nilikuwa mimi, maana nilifundisha Kiingereza sekondari, na Kiingereza chake yeye kiliishia kwenye kukaribisha na kusema maji ya moto yapo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Soko la Songea lilijaa mitumba, kila mwenye baiskeli alikuwa mfanyabiashara, na waliopunguzwa kazini walifungua genge, mashine ya kusaga au kilabu cha pombe ya komoni. Jirani yangu alikuwa mpishi wa serikali. Alipopunguzwa akajenga gesti, na mtaa mzima ukamwita Mama Gesti. Ndipo wakaanza kuja vijana tuliowaita wazungu wa shanta. Walishuka melini Mbamba Bay, wakapanda malori hadi kwetu, pua zimebanduka kwa jua, na karibu wote walikuwa na wazo moja walilolitoa sijui wapi: kwamba vita vya Msumbiji vimekwisha, kwa hiyo sasa unaweza kuuteremka Ruvuma kwa mtumbwi ukalala mchangani na kula samaki.

Niseme mapema kilichokuwa kinamla yule mama, msije mkamwona kichaa. Binti yake wa pekee alikuwa ng'ambo ya mto huo. Alikwenda Mbesa, kule Tunduru, kufanya kazi hospitali, akakutana na kijana mkimbizi kutoka Msumbiji, Mwislamu, wakaoana. Vita vilipokwisha kijana akarudi kwao na mkewe. Kijiji chao kiko karibu sana na maji, kiasi kwamba ukisimama upande wetu unaona moshi wa jiko. Mama Gesti alikuwa na mjukuu ambaye hajapata kumshika. Kilichomtenga naye ni maji tu, na kuvuka maji ndiko kulikomshinda. Hata kuitwa kwa jina la binti yake, kama wanavyoitwa mama wengine, alitukataza. Alisema likitajwa analisikia linatokea mtoni.

Basi wageni wakija alikuwa na mtihani wake. Aliweka karai la maji sebuleni, akaiacha kata ya kibuyu ielee juu yake, na ndani ya kata mayai mawili mabichi. "Waambie, hawa ndio wao," alinielekeza. Nikawaambia. Akaweka kidole ukingoni mwa kata, taratibu, akisema huyu mmoja kasimama kupiga picha. Kata ikalala upande, mayai yakazama. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine mpaka tabasamu likawaishia. Kisha aliyatoa mayai yale yale, akayakaanga na kitunguu na kuwaandalia. Wapo waliokataa kuyala. Nakumbuka binti mmoja, mrefu kama mlingoti, aliyeomba afunguliwe mlango akalie nje.

Nyuma ya kaunta alitundika tyubu za matairi ya lori alizoomba kwa mafundi gereji. Kila aliyeng'ang'ania kwenda mtoni alivishwa tyubu moja, ikajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, na ikabidi azunguke nayo uani mbele ya kuku ili Mama Gesti aone inavyomkaa. Wazungu walicheka na kupigana picha. Yeye hakucheka. Alikwenda nyuma ya mgeni, akaivuta tyubu kwa nguvu zote, na ikichomoka alimrudisha ndani kutafutiwa kamba.

Mambo aliyowaonya mengine yalikuwa ya kweli, mengine sijui aliyaokota wapi. Aliwaambia wasimpande mpiga kasia anayenuka komoni hata kama yeye ndiye wa bei nafuu. Aliwaambia wasipige hema kwenye mchanga wa mto, maana mvua inaweza kunyesha huku Matogoro na maji yakawafikia wao usingizini huko chini, wala hawakuona wingu. Aliwaambia wakifika mahali wawatazame wanawake wanavyochota: wakichovya ndoo moja kwa moja, afadhali; wakichota kwa kata yenye mpini mrefu wakiwa nyuma ya boma la miba, waondoke hapo. Upande wa pili wakikanyaga wasiiache njia iliyokanyagwa, kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa wakati wa vita. Hayo yote nilitafsiri kwa moyo mkunjufu. Lakini alisema pia kwamba kiboko hawezi harufu ya kitunguu, na kila mgeni aliondoka na vitunguu vitatu shantani. Nilipomuuliza nani amemwambia, alijibu kwamba viboko hawajawahi kuingia jikoni kwake.

Ukimwona hivyo usidhani alikuwa mwoga wa kila kitu. Swila aliyeingia stoo ya mahindi alimponda kwa mchi na kurudi kwenye mboga zake kabla hazijaungua. Mwizi aliyeruka ukuta wake alikimbilia kwangu kuomba nimfungie ndani. Alisafiri Maposeni juu ya magunia ya lumbesa ya mahindi, amesimama, huku akisutana na dereva. Maji tu. Mto Ruvuma, kama mnavyojua, unaanzia kwenye milima yetu hii ya Matogoro, na huko juu ni kijito ambacho mbuzi anakivuka bila kulowa tumbo. Siku moja tulikwenda huko kwenye msiba. Tulipofika kwenye kijito wenzetu waliruka wakaendelea na mazungumzo. Mama Gesti alisimama. Nikamtania kwamba hapa hata kifaranga hafi. Alisema huyu ni mtoto, lakini ni wa ukoo ule ule, akarudi kuzunguka kwa njia ya juu, na kwenye msiba alifika watu wamekwisha kuzika.

Chanzo cha hofu hiyo alinisimulia mara moja tu, tukipukuchua mahindi uani kwake.

Mwaka wa kwanza binti alipohamia ng'ambo, alifunga safari kwenda kumwona yeye na mtoto. Alibeba unga, kanga na jogoo. Kwenye lori la Tunduru alifuatana na wazungu wawili wa shanta, kijana na dada yake, ambao nao walikuwa wanavuka. Walifika kivukoni mchana jua la utosi. Mpiga kasia alikuwa mzee wa Kiyao, mpole, amekaa kivulini juu ya ukingo. Aliwaamkia, akatazama maji, akasema, "Mama, tungoje kwanza. Leo mwenyewe yupo." Kisha akainuka na birika lake kwenda kutawadha na kuswali adhuhuri.

Sasa neno hilo kwetu lina maana moja. Mtu akibisha hodi gesti huuliza mwenyewe yupo, na mwenyewe ni Mama Gesti. Akiambiwa yupo, anaingia na kusalimia, maana kupita kwa watu kama mbuzi ni ukosefu wa adabu. Mama Gesti alielewa kwamba mwenye kivuko yuko huko chini majini, pengine anatengeneza mtumbwi, na kwamba mzee anangoja swala yake tu. Yeye ni mwenye nyumba, anajua heshima ya mwenye nyumba mwenzake. Akajifunga kanga vizuri, akamtoa jogoo kwenye kapu awe zawadi, akawaashiria wazungu wamfuate, na wakateremka. Alifika maji yanapogusa mchanga, akaita kwa sauti yake ya mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Ng'ambo binti yake alikuwa amemwona. Alisimama mchangani, akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili ili bibi amtazame. Mama Gesti alimtazama. Kijana wa Kizungu, akiwa amevaa mkanda mmoja tu wa shanta begani, aliinama kunawa uso.

Aliniambia hakuona kinywa wala jicho. Aliona maji yamesimama, halafu kijana hayupo mahali alipokuwa. Yuko kifudifudi, anaburutwa, shanta imetangulia majini na mkono wake umo kwenye mkanda. Dada yake alimrukia mguu mmoja, Mama Gesti akashika mwingine. Walivuta. Upande wa majini nao ulivuta. Alisema hajapata kusikia nguvu kama ile, kwamba haikuwa na hasira, ilikuwa inavuta tu kama mtu anayefanya kazi yake. Mkanda ukakatika. Wakaangukia mgongo mchangani, wote watatu, na shanta haikuonekana tena. Mzee wa Kiyao alikuja mbio, miguu inachuruzika maji ya udhu, akilia. Watu wa mtoni hawalitaji jina la mamba wakiwa kando ya maji. Wanasema mwenyewe. Kila mtu huko anajua, hata mtoto anayetambaa, kwa hiyo haikumjia mzee akilini kwamba kuna mtu mzima duniani wa kumfafanulia.

"Nilimbishia hodi, Mwalimu," aliniambia, punje za mahindi zikimtoka vidoleni. "Nilikwenda na watoto wa watu, na jogoo mkononi, nikabisha hodi."

Binti alikaa chini ng'ambo ile, mtoto mapajani. Mzee alisema mwenyewe akishapata kitu hutulia, sasa wanaweza kuvuka salama. Mama Gesti alipanda ukingo bila kugeuka. Kijana alifungwa bega hospitali ya Mbesa, na wale ndugu wakarudi kwao. Mama Gesti akarudi Songea na lori la kwanza, na jogoo.

Tangu hapo alikuwa anaishi na mambo mawili yasiyopatana. Mtu akitaka kwenda mtoni alimtisha mpaka jasho limtoke. Lakini akishindwa kumzuia, alimpa kifurushi ampelekee binti: dawa, sabuni, gauni la mjukuu. Alinitafsirisha maneno ambayo niliona haya kuyasema. "Mwambie akiona mtumbwi unazama, kifurushi akishike juu." Kwa njia hiyo mjukuu alikua akivaa magauni ya bibi yake, yaliyovushwa na wageni ambao bibi huyo aliwaomba kwa machozi wasivuke.

Mmoja hakurudi. Alikuwa kijana mcheshi, alicheza mpira na watoto wa mtaa, na mayai ya kwenye karai aliyachekea kweli kweli. Tyubu aliiacha kitandani. Mvua zilikuwa zimeanza. Wenzake wawili walirudi wiki iliyofuata, wamekaa kwenye benchi la gesti hawawezi kusema, na mimi sikuhitajika kutafsiri. Mama Gesti aliwapa chai. Alifunga kile chumba na hakukipangisha tena mpaka ndugu wa yule kijana walipokuja kutoka kwao kuchukua vitu vyake. Miezi ile mvua ikianza kugonga bati alitoka nje, akasimama uani analowa, anatazama upande wa Matogoro. Niliogopa kumwita.

Kutafsiri nako kuna hatari yake. Yeye akisema naogopa, mimi nilisema naogopa kwa Kiingereza, kwa mdomo wangu na kwa sauti yangu, nikiwatazama watu machoni. Nilifanya hivyo miaka. Nilianza kusita kwenye madaraja. Nikioga nilifumbua macho yangu kwenye sabuni. Mke wangu aliniuliza kwa nini nachungulia ndani ya pipa la maji kabla ya kuchota, nikamwambia naangalia kama maji yamechafuka.

Salamu za binti zililetwa na madereva wa malori, na zilikuwa zile zile kila mara: mama aje. Mama Gesti alijibu kiangazi kikifika. Kiangazi kilifika, akasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita, kukawa na wageni wengi. Mjukuu akaota meno, akatembea, akaanza kuchunga mbuzi wa babu yake upande ule. Sisi majirani tuliacha kuuliza.

Halafu ikaja salamu tofauti. Nilikuwa pale kibarazani dereva alipoileta. Alisema binti amejifungua mtoto wa pili, na amesema mama asije.

Mama Gesti alimtaka dereva arudie maneno. Akarudia: kasema mama asije. Nikamwambia hiyo ni habari njema, binti amemhurumia, mto umejaa. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Mwanangu yuko taabani," alisema. "Hataki nije nimkute hivyo."

Alifunga gesti mchana ule ule. Shule zilikuwa zimefungwa, na aliniomba nimsindikize, nikakubali kwa kuwa sikuamini atafika mbali. Tulikaa siku mbili kwenye lori, barabara ya Tunduru ilivyo masika, tukisukuma zaidi ya tulivyopanda. Alikuwa ameshika rozari na mdomo wake ulitembea bila sauti. Nilingoja aseme turudi. Kule porini lori lilipokwama kwenye tope kutwa nzima nilimwambia kwa upole kwamba hakuna atakayemlaumu. Alishuka, akavua viatu, akaungana na wanaume kusukuma.

Mto tuliusikia kabla ya kuuona. Ulikuwa mpana mara mbili ya nilivyouwaza, mwekundu, unabeba magogo mazima na mizizi yake. Kwa miaka nilikuwa nimewaeleza watu juu ya mto huu, na huku chini sikuwa nimewahi kuufikia. Mzee wa Kiyao alikuwapo bado, amekonda. Alimtambua Mama Gesti, akainamisha kichwa. Mama Gesti alimwamkia, akamuuliza habari za nyumbani kwake, kisha akamwambia amvushe.

Mzee alitazama maji muda mrefu. Alisema maji ni mengi, ila inshallah tutafika, mradi watu wakae chini na wasitikisike. Akausogeza mtumbwi. Mama Gesti alikuwa anatetemeka, mwili mzima, mpaka kapu lake lilikuwa linalia. Niliona mkojo ukimtelemka mguuni kwenye mchanga na nikageuza uso. Hakuufuta. Aliingia mtumbwini kwa magoti, akakaa kwenye maji machafu ya ndani, akashika kingo mbili kwa mikono miwili.

"Mwalimu, panda."

Nilitaka kupanda. Nasema kweli, nilitaka. Niliiambia miguu yangu, na miguu haikunisikia. Niliyaona mayai mawili kwenye kata. Nilimwambia kwamba mtu mmoja ni vizuri abaki na mizigo, ingawa mizigo yote alikuwa nayo yeye.

Alinitazama. Nilitazamia dharau, na ningestahili. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Kaa tu, baba," alisema. "Hata mimi nilianzia hapo hapo."

Mzee akasukuma upondo. Mtumbwi ulichukuliwa na maji, ukaenda upande, kichwa cha Mama Gesti kikawa kidogo, na nilimsikia akisali kwa sauti kubwa, Salamu Maria juu ya Salamu Maria, hata hakupumua katikati. Gogo lilipita karibu nao. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua sauti ilikuwa imekatika, na kwa muda nilioona ni mrefu sana sikujua imekatika kwa sababu gani. Kisha niliona ng'ambo mtu anatambaa mchangani kwa mikono na magoti, anapanda ukingo, ananyanyuka, anaanza kukimbia kuelekea kwenye moshi.

Mzee alirudi alasiri. Alikaa chini kwanza, akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Nilimuuliza kama mama amemkuta bintiye.

"Kamkuta."

Nikamuuliza yu hai.

"Homa ya uzazi. Kalala wiki nzima hali kitu, hata mumewe alikuwa kakata tamaa. Sasa mama yake anamnywesha uji na dawa kwa kijiko," alisema mzee. "Anakunywa. Mtoto naye kapata wa kumshika. Wewe kasema urudi, usije ukaugua huku."

Nikarudi Songea peke yangu. Gesti ilifungwa miezi, halafu mpwa wake akaichukua. Wageni wa shanta wakija bado wananigongea, na mimi nawaambia yote, ya kitunguu pia.

Mama Gesti hajarudi. Binti alipona, mtoto ananenepa, na madereva wanasema bibi anapika, anagombana na mbuzi wa mkwewe na amejifunza Kiyao cha kutosha kusutana. Mwaka jana nilimtumia salamu kumuuliza atarudi lini nyumbani. Jibu lilichelewa kwa sababu ya mvua. Dereva alinipa akiwa anacheka, lakini mimi nilikaa kwenye benchi la gesti na sikucheka. Mama Gesti alisema angependa sana kuja kutuona, ila anaogopa maji.